Kengele ya chumba namba tatu

Mradi: ubao wa umeme wa kuamshia wageni, vyumba vinne, uliojengwa kwa namna ya karne ya 19

Wiki ya kwanza

Mama mdogo ana gesti ndogo hapa Tanga, mwendo mfupi kutoka stendi. Wageni wake wengi wanawahi basi la alfajiri. Mgeni akishalipia chumba humwambia mlinzi, "Babu, niamshe saa kumi," mwingine saa kumi na nusu. Simu wanazo, lakini simu huisha chaji, na mtu aliyechoka huizima bila kufumbua macho. Saa ikifika babu anagonga mlango. Kuta zetu nyembamba, kwa hiyo anayeamka kwanza ni jirani wa yule mgeni, ambaye safari yake ni ya saa nne. Malalamiko haya nayasikia tangu nikiwa shule ya msingi.

Nimeamua kulitatua tatizo hili kwa mikono, na kwa njia ninayoipenda kuliko zote: umeme wa zamani. Sumaku, waya, chuma, saa ya kutia ufunguo na betri za chupa. Hakuna transista hata moja.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1787 Levi Hutchins, fundi saa wa Concord, New Hampshire, alijitengenezea saa ya kumwamsha saa kumi alfajiri, ile ile wanayoitaka wageni wetu. Ilikuwa na saa hiyo moja tu, haikubadilishika. Saa unayoweza kuitega upendavyo ilipata hataza Ufaransa mwaka 1847, kazi ya Antoine Redier. Lakini zote mbili zinamwamsha mwenye saa. Nyumba yenye watu wengi, kila mtu na wakati wake, inahitaji kitu kingine. Kwenye miji ya viwanda ya Uingereza walikuwapo watu wa kulipwa waliopita mitaani na fito ndefu wakigonga madirisha ya ghorofani. Mary Smith wa London Mashariki alikuwa akipuliza njegere kavu kwa mrija mpaka zigonge kioo. Kazi hiyo ndiyo ya babu yetu, tofauti ni mlango na dirisha.

Wiki ya pili: sumaku

Koili mbili kwa kila kengele. Waya nimeupata kwa fundi wa kusuka mota, milimita 0.5, mizunguko 250 kila koili. Kiini nilianza na bolti, nikajuta. Bolti ni chuma kigumu, ukishakata umeme inabaki na usumaku, na nyundo ya kengele inagandia pale pale. Nikachukua misumari ya inchi sita, nikaifukia kwenye makaa mekundu ya jiko la mama mdogo mpaka ikawa rangi ya embe bivu, kisha nikaiacha ipoe ndani ya majivu usiku kucha. Asubuhi ilikuwa laini, inapinda kwa koleo bila ubishi. Hiyo ndiyo inayoachia. Juu ya kichwa cha kila kiini nimegundisha kipande cha karatasi ili chuma kisigusane na chuma kabisa.

Kwenye kazi hii namkumbuka Joseph Henry. Mwaka 1831, pale Albany Academy mjini Albany, New York, alizungusha ukumbini waya wa zaidi ya maili moja, na upande wa pili sumaku ikavuta, fimbo yenye sumaku ikageuka na kugonga kengele. Waya wa koili wakati huo haukuwa na rangi ya kuuhami kama huu wangu. Aliuviringia nyuzi za hariri kwa mkono. Mimi nimechoka na mizunguko mia tano.

Kengele ya Henry iligonga mara moja. Ya kwangu ni ile ya kutetema, iliyokuja baadaye: umeme unapita kwenye mkono wa nyundo wenyewe, sumaku inauvuta, ukivutwa unaachana na ncha ya skrubu na umeme unakatika, springi inaurudisha, umeme unapita tena. Kila inapokatika pale kwenye skrubu hutokea cheche ndogo ya buluu, na cheche hiyo hula chuma. Mafundi wa zamani waliweka platini. Mimi nimeng'oa ncha za fedha kwenye relei mbovu za magari, nikazilehemu. Bakuli la kengele ni la baiskeli.

Nimekaa na bisibisi mpaka saa tano usiku nikirekebisha ile skrubu. Robo ya mzunguko ndani, inakoroma. Robo ya mzunguko nje, inagonga mara tatu na kunyamaza. Katikati kuna nafasi nyembamba kama unywele ambapo inaimba, na ukiipata unaijua kwa sikio kabla ya jicho.

Wiki ya nne: betri

Mwaka 1866 Georges Leclanché, Mfaransa, alitoa betri iliyozifanya kengele za umeme zifae majumbani: zinki upande mmoja, kaboni iliyozungukwa na dioksidi ya manganizi upande mwingine, na maji ya kloridi ya amonia katikati. Haina asidi kali, na isipotumika inakaa miezi bila kuguswa. Betri za kawaida za tochi ni mjukuu wake wa moja kwa moja, kwa hiyo vifaa vyote nilivitoa humo. Kijiti cheusi cha katikati ndiyo kaboni, unga mweusi ndiyo manganizi, ganda ndiyo zinki. Vaa glavu, na usiguse betri za alkali, hizo zina kemikali ya kuunguza ngozi. Kloridi ya amonia ni ile ile mafundi bati wanayosafishia chuma cha kulehemea.

Kaboni na unga vinatakiwa vikae kwenye chombo kinachopitisha maji polepole. Nimetumia vijungu vya udongo vya kuchezea watoto, vile visivyopakwa chochote. Vinafaa kabisa. Kila chupa inanipa volti 1.4, nne kwa mstari volti 5.6.

Baada ya siku sita chupa zilikuwa zimeota ndevu nyeupe. Chumvi inapanda ukuta wa kioo, inavuka mdomo, inashuka nje mpaka kwenye mbao, na ikifika kwenye ungio la waya inalila hadi linakuwa kijani. Dawa ni ya tangu enzi hizo: kausha mdomo wa chupa, pasha moto kidogo, paka nta. Nimeyeyusha mshumaa. Imesimama.

Wiki ya sita: saa

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote, na ndipo penye utamu.

Saa ni ya mezani ya ufunguo. Nimeitoa kioo, nikaizungushia kipete cha mbao chenye nusu kipenyo cha sentimita 7. Kwa mshale wa saa, robo saa ni nyuzi 7.5, yaani karibu sentimita moja kwenye kipete. Nimepigilia vipande 13 vya shaba, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili, na namba nimeziandika kwa saa zetu, babu asianze kuhesabu kichwani usiku. Kila kipande kina tundu lake ubaoni. Kila chumba kina waya wenye plagi. Mgeni wa chumba cha pili akitaka saa kumi na robo, babu anachomeka plagi ya 2 kwenye tundu la saa kumi na robo, basi.

Mshale wa saa peke yake hauaminiki. Unatambaa, kwa hiyo ungegusa kipande dakika kadhaa kabla ya wakati. Nimeufunga pamoja na mshale wa dakika: wa saa unachagua tundu, wa dakika unagusa skrubu zilizopo kila robo, na umeme haupiti mpaka yote miwili ikubaliane. Mguso wa dakika hudumu sekunde 20 hivi.

Usiku wa kwanza saa ilichelewa dakika 25. Vijiti nilivyovifunga kwenye mishale vilikuwa vizito, springi ya saa ikawa inasukuma mzigo usio wake. Nimevibadilisha kwa nyuzi moja moja za waya wa simu, nyembamba kiasi kwamba ukizipulizia zinapepea. Sasa haichelewi hata dakika moja.

Nyuzi hizo haziwezi kubeba umeme wa kengele, zingeungua. Kwa hiyo saa haipigi kengele. Inatuma umeme kidogo chumbani kwenye sumaku ndogo inayoachia komeo. Komeo likianguka linafunga saketi ya kengele, na kengele inaendelea kulia hata mguso wa saa ukishapita. Mafundi wa kengele za wezi walilihitaji jambo hili hili: mwizi akifungua dirisha na kulifunga haraka, kengele isinyamaze naye. Augustus Pope, wa Somerville, Massachusetts, alipata hataza ya kengele ya wezi ya umeme mwaka 1853, na Edwin Holmes akainunua haki hiyo mwaka 1857 na kuifanya biashara. Komeo nimeliweka juu kando ya mlango, mbali na kitanda. Anayetaka kuinyamazisha ainuke.

Wiki ya nane: usiku mbaya

Mpwa wangu alilala chumba namba tatu kwa majaribio, saa kumi kamili. Kengele ililia kwa nguvu. Mimi nilikuwa mapokezi, nikafurahi. Dakika kumi baadaye sauti ikaanza kulegea. Dakika ishirini, nyundo ilikuwa inatikisika bila kufika kwenye bakuli. Kisha kimya. Nikadhani kijana ameinuka. Saa kumi na mbili nikamkuta amelala fofofo, komeo limeanguka, kengele haina uhai.

Nikalirudisha komeo, nikaliangusha tena. Kengele ikalia kwa nguvu zote. Nikapima chupa: 1.4 kila moja, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hiyo ndiyo tabia ya Leclanché. Ukivuta umeme mwingi mfululizo, hidrojeni inajikusanya kwenye kaboni haraka kuliko manganizi inavyoweza kuimaliza, na nguvu inashuka. Ukiipumzisha, inaifikia na nguvu inarudi. Ni betri ya kengele ya mlangoni, ya kubonyeza na kuachia. Mimi nilikuwa naivuta karibu ampea moja bila kuiachia.

Lakini hilo la betri si ndilo lililoniuma. Nilipomsimulia mama mdogo, aliniuliza, "Sasa mwanangu, babu akibisha hodi, mgeni hujibu 'naam, nimeamka.' Kengele yako anaijibu nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejenga miezi miwili kitu kinachopiga kelele upande mmoja tu, na ukimya wa mtu aliyeamka nikashindwa kuutofautisha na ukimya wa betri iliyochoka. Babu hakosei hapo. Asipoitikiwa anabisha tena, na tena.

Wiki ya kumi: jibu

Marekebisho ya umeme kwanza. Nguvu ya sumaku ni ampea mara mizunguko, kwa hiyo nimesuka upya kwa waya wa milimita 0.3, mizunguko 600 kila koili. Ukinzani umepanda kutoka omu 2.2 hadi 14.6. Chupa sasa ni nane, mistari miwili ya nne nne. Umeme umeshuka hadi ampea 0.34 na mvuto umebaki karibu ule ule. Imelia saa nzima bila kulegea.

Kisha ubao wa namba, kama zile za hoteli za zamani na nyumba kubwa. Kabla ya umeme, kwenye majumba ya Uingereza waya ulivutwa ukutani hadi jikoni, kengele moja kwa kila chumba, na watumishi walitambua chumba kwa mlio na kwa kengele ipi bado inayumba. Ubao wa umeme ulihitaji kengele moja tu na vibao vidogo: ukibonyeza chumbani, sumaku inaachia kibao chenye namba yako na kinaanguka mbele ya karani.

Nimevitengeneza vinne kwa bati la kopo la maziwa, namba kwa rangi nyekundu. Nimeviunga na makomeo ya vyumbani. Mgeni akilisukuma komeo juu, kengele yake inakatika, na njiani komeo linagusa kipande cha shaba kinachotuma umeme mapokezi. Kibao hakianguki kwa sababu kengele imenyamaza. Kinaanguka kwa sababu mkono wa mtu umeinua komeo. Kisipoanguka baada ya dakika tano, babu anakwenda kugonga.

Wiki ya kumi na mbili, Alhamisi

Mgeni wa kweli, mama mmoja anayekwenda Dar es Salaam, chumba namba tatu, saa kumi na robo. Chumba namba mbili alikuwamo baba mwenye mtoto mchanga.

Babu alichomeka plagi mwenyewe, akaikagua kwa tochi. Nilikaa naye mapokezi tangu saa tisa. Mshale wa dakika ulipogusa skrubu nilisikia komeo likianguka kule ndani, kisha kengele ya baiskeli, imezibwa na mlango, ndogo. Babu akawa anahesabu kwa vidole. Alipofika kidole cha tisa kibao kikaanguka, tak, namba 3 nyekundu. Akachukua daftari, akaandika "amejibu."

Yule mama alipotoka na begi babu akamsalimu, akambebea mpaka getini. Chumba namba mbili mtoto hakulia.

Zimebaki kazi mbili: panya wametafuna waya wa chumba namba nne juu ya dari, na chupa ya sita imeanza kuota ndevu tena.