Siku moja na Jimny na karavani juu ya tela moja: Kigoma hadi Tabora

Saa 10 na robo alfajiri

Tela lililala nje, umande umetanda juu ya sakafu yake ya chuma. Kazi ya kwanza leo ilikuwa kuukausha kwa gunia. Tairi za porini zina meno makubwa, lakini kwenye chuma kilicholoa hazishiki kitu, na gari likiteleza kwenye ngazi za kupandishia linaangukia ubavu.

Mzigo ni wa mzee mmoja na mkewe ambao kwa miaka kadhaa wamezunguka mapori ya huku na vyombo vyao viwili: Suzuki Jimny, na karavani ndogo, kile kijumba cha kulala kinachovutwa nyuma ya gari. Sasa Mzee amefanyiwa upasuaji wa goti na klachi hawezi kuikanyaga. Karavani nayo shingo yake, chuma cha mbele cha kuivutia, imepata ufa pale ilipochomelewa, haifai kuvutwa mpaka ikatwe na kuchomelewa upya. Wenyewe wametangulia Tabora kwa treni. Mimi na dogo, utingo wangu, tunavipeleka vyote viwili kwa safari moja, juu ya tela la ekseli mbili nyuma ya Land Cruiser pikapu.

Hesabu niliifanya jana usiku. Jimny ni kama kilo 1,100. Karavani ikiwa tupu ni 700. Tela lenyewe 900. Jumla 2,700, na gari langu linaruhusiwa kuvuta tani 3.5 kwa tela lenye breki zake. Kwa uzito tuko salama. Ila wingi wa kilo haujawahi kuninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni zimekaa wapi.

Saa 11 alfajiri

Mzee aliniagiza kwa simu kwamba karavani itangulie mbele na Jimny ipande mwisho, ili tukifika gari lishuke kwanza. Ni ombi la maana, nikapakia hivyo hivyo. Karavani tuliivuta kwa winchi ya mkono huku dogo na jirani wawili wakiisukuma kwa mabega. Jimny nikaipandisha mwenyewe kwa gia ya chini kabisa, taratibu, dogo akinionyesha kwa tochi.

Ilivyokaa, ilipendeza macho. Nikachukua futi.

Marehemu baba alikuwa mbebaji wa mizigo pale Kibirizi, kwenye boti za ziwani. Alinifundisha kwamba ukimaliza kupakia boti usikimbilie kuhesabu magunia. Simama pembeni uangalie maji yamekata wapi ubavuni. Boti itakuambia kama imepakiwa vizuri. Mimi sina maji, nina bampa. Kabla ya kupakia nilikuwa nimepima kutoka ardhini hadi bampa ya nyuma ya pikapu: sentimita 61. Sasa nikapima tena: 62.

Dogo akadhani nimekosea. Hapana. Mzigo ulikuwa umelemea mkia wa tela, na tela lilikuwa linainyanyua pikapu kwa nyuma.

Nieleze hapa kwa utulivu, maana watu wanakufa kwa jambo hili. Tela likilemea nyuma, tairi za nyuma za gari linalovuta zinapoteza uzito, kwa hiyo zinapoteza mshiko. Upepo wa basi linalokupita au shimo dogo unatosha kulifanya tela litikise mkia. Mtikiso wa pili unakuwa mkubwa kuliko wa kwanza, wa tatu mkubwa zaidi. Dereva akishtuka akakanyaga breki, tela linamsukuma kutoka nyuma na vyote vinakunjana. Ukikutwa na hali hiyo, achia mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usipambane nao. Kama una swichi ya breki za tela peke yake, itumie hiyo. Lakini dawa hasa iko kwenye kupakia. Kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela inatakiwa ilalie kile kichwa cha chuma cha kuvutia, nyuma ya pikapu. Kwa kilo 2,700, ni kama 270 hadi 400. Mimi nilikuwa na chini ya sifuri.

Nikampigia Mzee.

"Shikamoo Mzee. Samahani kukuamsha. Naomba nibadilishe, Jimny iende mbele."

"Marahaba. Kwani kuna nini?"

Nikamweleza habari ya futi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, wewe ndiye uko nayo hapo. Pakia unavyoona."

Saa 12 na nusu asubuhi

Tumeshusha vyote na kupakia upya. Jirani wetu wawili wamerudi bila kununa, Mungu awabariki. Jimny imetangulia, pua mbele, kwa hiyo injini yake iko mbali mbele ya ekseli za tela. Karavani imefuata. Urefu ulikuwa unatubana, lakini shingo ya karavani imepenya chini ya bampa ya nyuma ya Jimny, ikabaki nafasi ya shubiri moja. Bampa ya pikapu: sentimita 57. Hapo ndipo nilipovuta pumzi.

Kufunga ni ibada yangu. Mikanda minane ya upana wa sentimita 5, minne kwa kila chombo. Jimny naifunga kwa tairi zake, ili springi zake zicheze bila kulegeza mkanda. Hendibreki juu, gia ya kwanza, kabari mbele na nyuma ya kila tairi. Karavani kamwe sipitishi mkanda juu ya paa. Ukuta wake ni bati jembamba na mbao, ukiubana unapasuka. Naishika kwenye ekseli na kwenye chasisi, mikanda ya nyuma nikiipishanisha msalaba ili isiyumbe pembeni. Miguu yake ya kusimamia imekunjwa, madirisha yamefungwa kwa ndani, mtungi wa gesi umehamia kwenye pikapu ukiwa wima.

Saa 1 na nusu

Tumeondoka, nikashika 60. Kidahwe, pale njia ya Kasulu na ya Uvinza zinapoachana, tunasimama hata kama hakuna tatizo. Mkanda mpya hunyooka kilomita za mwanzo, na mzigo hujikalisha. Mikanda mitatu ilikuwa imelegea kidogo. Tukakaza, chai na chapati, tukasonga.

Saa 3 na nusu, karibu na Uvinza

Matuta ya vijijini ndiyo adui. Tairi za pikapu zinapita, kisha ekseli mbili za tela, na kila mara karavani inaruka kwenye springi zake yenyewe, kwa sababu ni chombo chenye springi juu ya chombo chenye springi. Baada ya Kazuramimba dogo akasema, "Kaka, nasikia maji."

Tukasimama penye kivuli. Nikaweka sikio ubavuni mwa karavani, dogo akaisukuma kwa kiganja: chubwi, chubwi. Tangi la maji chini ya sakafu, nyuma kabisa, lilikuwa na maji. Niliulizia kuhusu gesi, betri na vyombo vya udongo, maji sikuyauliza. Lita moja ni kilo moja, na maji hayatulii, yanakwenda yanakotaka. Tukafungua kizibo. Mama mmoja aliyekuwa anafyatua matofali na wanawe akaleta ndoo, nyingine ikafuata, na nyingine. Ndoo tatu na nusu za lita 20: kilo 70 mkiani, nilizozibeba kutoka nyumbani bila kujua. Tope lake la matofali likapata maji, akatupa ndizi mbivu.

Ilikuwa bahati kwamba tulisimama pale, kwa sababu nilipozunguka nyuma nikauona mkanda wa kushoto. Ulikuwa unasugua kona ya chasisi ya karavani. Uzi wa pembeni ulikuwa umekatika, umesimama kama nywele, upana wa kucha ya kidole kidogo. Mtu angesema bado una nguvu. Niliutoa, nikaweka wa akiba, na kila kona nikaifunika kwa kipande cha tyubu ya zamani. Kile kipande kilitakiwa kiwepo tangu Kigoma. Nilikuwa na haraka baada ya kupakia mara mbili.

Saa 5 asubuhi

Malagarasi. Daraja la Kikwete, mita 275, lilizinduliwa 2015. Nalipita polepole kila mara, siyo kwa hofu. Maji yanayopita chini yanatoka kwenye ardhioevu ya Malagarasi-Muyovosi, ya kwanza nchini kuingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, na yanakwenda kumwagika kwenye ziwa letu, Tanganyika. Upepo wa pembeni huwa upo hapa, na karavani ina ubavu kama tanga la ngalawa. Nilishuka hadi 40. Tela halikutikisika.

Nguruka tulikula ugali na samaki wa mtoni. Nikakagua rimu kwa mgongo wa kiganja: kama moja ni ya moto kuliko wenzake, beringi au breki inalia. Zote zilikuwa vuguvugu sawa.

Saa 8 mchana

Baada ya Kaliua trafiki alitusimamisha. Alitaka kadi ya kila chombo, pamoja na ya karavani, na barua ya mwenye mali. Zote nilikuwa nazo kwenye bahasha moja. Alizunguka tela mara mbili, akagusa mikanda, akauliza vile vipande vya tyubu ni vya nini. Nikamwonyesha mkanda uliolika. Akauangalia kwa muda mrefu kuliko kadi zote.

Urambo, mabani ya kukaushia tumbaku pembeni mwa barabara, baiskeli zenye magunia ya mkaa. Hapa sina la kusimulia.

Saa 11 na nusu jioni, Tabora

Mzee alitusubiri chini ya mwembe, mkongojo mkononi. Kwa kuwa Jimny ilikuwa mbele, ilibidi karavani ishuke kwanza, na ikabidi tutafute vijana wanne wa kuipokea kwenye ngazi. Alikuwa sahihi kwamba itakuwa kazi. Hakusema neno. Jimny iliposhuka aliegemea boneti kidogo, kama mtu anayesalimia.

Mama alifungua mlango wa karavani na kwenda moja kwa moja kwenye kabati la juu. Alitoa chupa ya mawese aliyoisahau humo, akaigeuza mwangani. Kizibo kikavu.

"Baba, njoo uone," alimwita mumewe.

Saa 2 usiku

Nimekunja mikanda minane na kuiweka kwenye ndoo yake. Ule wa tisa, uliolika, dogo aliuliza kama tuubakize wa kufungia turubai. Nikachukua kisu nikaukata vipande viwili.

Kesho tunarudi tupu. Nimempa dogo futi, yeye ndiye atakayepima.