Kupunguza silikoni kwenye nywele bila kuzifukuza zote

Miongoni mwetu tunaofuga nywele za asili, silikoni, yaani kemikali za utelezi zinazotiwa katika bidhaa nyingi za nywele, zimesingiziwa mengi: kwamba zinaozesha nywele, kwamba zinazuia nywele kukua, kwamba ni plastiki inayoingia mwilini kupitia ngozi ya kichwa. Mimi nimezipunguza sana, lakini si kwa hofu hizo. Nywele zangu za kipilipili huoshwa kwa nadra na kwa shampuu laini, na silikoni zilizo nyingi hazitoki kwa uoshaji wa namna hiyo.

Kazi yake, ukitaka kuwa mkweli, huifanya vizuri. Silikoni hufunika unywele kwa utando mwembamba unaoteleza, magamba ya juu yakalala, mng'ao ukaonekana na kitana kikapita bila kukwama. Kwa nywele zinazojikunja na kushikana kila mahali, utelezi huo si anasa, kwa kuwa ndio unaopunguza kukatika. Tatizo ni kwamba utando wenyewe haupendi maji, na ukirundikana tabaka juu ya tabaka, maji huteleza juu ya nywele kama yanavyoteleza juu ya jani la mgimbi. Ukishika kishungi kimoja chini ya bomba utaona matone yakisimama kwa nje, na ukikibana kati ya vidole utakuta ndani bado pakavu, huku kwa mbali nywele zikionekana zimelainika kabisa.

Hata hivyo silikoni hazifanani. Saiklopentasiloksani hugeuka mvuke na kupotea hewani baada ya saa chache. Dimethikoni hubaki, hasa ile nzito. Amodimethikoni hushikilia zaidi sehemu zilizoharibika, na zile ambazo jina lake hutanguliwa na herufi PEG kwa kawaida huchanganyika na maji na kutoka kwa urahisi. Kwenye chupa, tafuta majina yanayoishia na -cone, -conol au -xane, kisha utazame yako nafasi ya ngapi, maana viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi, isipokuwa vile vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo mtengenezaji huruhusiwa kuvipanga apendavyo.

Kuna kichupa kimoja ninachokiona karibu kila duka la vipodozi, kilichochorwa tunda na kuandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni mafuta ya argani. Kigeuze nyuma: cha kwanza ni saiklopentasiloksani, cha pili ni dimethikonoli, na argani yenyewe inafuata huko chini, jirani na manukato. Sisemi ni kitu kibaya, ila aliyekinunua amenunua silikoni. Hiyo saiklopentasiloksani ndiyo ambayo Umoja wa Ulaya, kwa kuwa haiozi kirahisi katika mazingira, uliizuia kuzidi asilimia 0.1 katika vipodozi vya kuoshwa kuanzia Januari 31, 2020, na mwaka 2024 ukapitisha kanuni ya kuibana pia katika vipodozi vinavyoachwa mwilini, kuanzia Juni 2027. Dimethikoni haimo katika katazo hilo, ingawa mitandaoni zote huwekwa kapu moja.

Katika kupunguza, nilianza na bidhaa zinazoachwa kichwani, kwa sababu ndizo zinazorundikana zaidi, kisha nikaosha kwa shampuu yenye salfeti, yaani kisafishaji chenye nguvu, na isiyo na kondishena ndani yake. Hapa ndipo wengi hurudi nyuma. Nywele zikishavuliwa ule utando hukwaruza mkononi na hushikana, na mtu huamini kwamba ameziharibu, ilhali ncha zilizochanika zilikuwepo siku zote, ila zilifunikwa. Dawa ya ncha hizo ni mkasi. Kwa utelezi natumia kondishena yenye viambato vya kulainisha viitwavyo behentrimonium na setili alkoholi (hii ya pili si alkoholi ya kukausha), na usiku wa kuamkia kuosha napaka mafuta ya nazi, kwa kuwa hayo huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Maji ya bamia iliyochemshwa nayo huteleza vizuri, ingawa kuyachuja ni kazi na hayakai siku nyingi hata kwenye friji.

Wanaooshea maji ya kisima, hasa yenye chokaa, wasikimbilie kuilaumu silikoni kwa kila ukakasi. Chumvi za kalsiamu na magnesi nazo huganda kwenye unywele, na hizo zinahitaji shampuu yenye EDTA, kiambato kinachoyanasa madini hayo.

Mahali ambapo sijaziacha ni kwenye joto. Pasi nyingi za nywele hufika nyuzi 200 na kupita, na utando wa silikoni huchelewesha joto hilo kuufikia unywele. Nilipomwomba msusi wangu asitie matone yake ya silikoni kabla ya kupiga pasi, alijibu bila kusita: "Dada, mimi nywele za mtu siziunguzi kwa makusudi." Yuko sahihi. Sasa hutia matone mawili, akayasugua viganjani kwanza na kuyapitisha kwenye urefu wa nywele bila kugusa ngozi ya kichwa, nami katika uoshaji unaofuata naitoa ile shampuu ya salfeti kabatini, naosha mara mbili, kisha nairudisha hadi nitakapopiga pasi tena.