Waya kichwani mwa Baba

Majirani hapa Mombasa bado wananiuliza kama kweli Baba alitobolewa fuvu akiwa macho. Ndiyo, kwa ajili ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo uliomtetemesha mikono. Kule India daktari alimtaka ahesabu kwa sauti, akunje na kukunjua vidole, wapate kuona mkono unatulia lini. Mzee akahesabu kwa Kiswahili, mkalimani akabaki kucheka. Waya mwembamba umezama ndani ya ubongo, unapeleka umeme kidogo wa kutuliza mitetemo. Betri iko chini ya ngozi, karibu na mtulinga. Mbinu hii ya kisasa ilianzia Grenoble, Ufaransa, 1987, kwa Profesa Benabid. Haiponyi Parkinson. Vidonge bado anameza, ila vimepungua. Sauti yake imefifia, na hilo mimi nalichukia kuliko ile mitetemo. Yeye hajali, maadamu anajimiminia kahawa. Mwezi ujao tunarudi kurekebishiwa umeme, nauli bado naisaka.