Mbwa aliniuma, mzee akasema nina damu kali

Hapa mtaani kwetu Arua, Uganda, kila mtu ni daktari. Mbwa asiye na mwenyewe alinirarua shavu la mguu jioni natoka kununua chapati, kabla hata sijafika nyumbani nishaambiwa nipake jivu, nichome manyoya ya mbwa, halafu mzee jirani akacheka, "Kijana umekulia na mbwa, umenyonya miaka miwili, damu yako kali, kinga unayo." Karibu nimwamini, manake ushauri wake ulikuwa wa bure.

Bahati shemeji yangu ni nesi. Hata pole hakunipa, akanivuta bombani, sabuni na maji dakika 15 kwa saa, mi nalia kama mtoto, yeye ananifokea: kinga ya mama ni ya kuazima, ukiwa mtoto inaisha, na kuishi na mbwa hakufundishi mwili kitu, mwili unamjua adui uliyekutana naye au uliyeonyeshwa kwa chanjo basi. Tena kirusi cha kichaa cha mbwa kijanja, kinajipitisha kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni, dalili zikianza karibu hakuna anayepona.

Chanjo nikachomwa siku hiyohiyo nikajua nimemaliza. Wapi! Mwili unahitaji kama wiki hivi kujifunza kutengeneza kingamwili zake, yaani askari wake wa kupigana na kirusi, na kidonda changu kilikuwa kimeingia ndani, kwa hiyo lazima nichomwe pia kingamwili zilizo tayari, palepale kwenye kidonda, zilinde wakati mwili bado uko darasani. Hizo kituoni hazikuwepo. Na mwisho wa kuchomwa hizo ni siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza, ukipita hapo mwili wenyewe umeshaanza kazi.

Binamu akazipata Kampala, bei ya mbuzi na kitu. Akatia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, na vipande viwili vya barafu, akampa konda wa basi. Kesho yake naipokea, barafu imekuwa maji, kichupa vuguvugu kama uji! Shemeji akakitupa mbele ya macho yangu. Mbuzi huyo kaenda.

Ya pili nikampangia binamu mimi mwenyewe kwa simu, hatua kwa hatua kama napika pilau: chukua chupa ya chai ya mdomo mpana, barafu chini, gazeti nene juu yake, kichupa ndani ya soksi safi, gazeti tena, kisiguse barafu kabisa manake kikiganda nacho kimekufa. Konda nikamwahidi elfu kumi chupa ifike haijafunguliwa. Nikampigia yuko Luweero, nikampigia Karuma, nikampigia Pakwach, Nebbi akaniuliza, "Bwana, hii ni dawa ama dhahabu?" Siku ya 5 ikafika, shemeji akaingiza kipimajoto, digrii 6! Inatakiwa kati ya 2 na 8. Nilicheka peke yangu.

Kuchomwa ndani ya kidonda, afadhali mbwa arudi. Chanjo zingine sikuruka hata moja, ya 3, ya 7, ya 14, hadi ya 28.

Mzee bado ananiita damu kali, na sasa ana ukweli kidogo, mbwa mwingine akiniuma ntachomwa chanjo mbili tu, siku hiyo na siku ya 3, bila ile ya kidonda, manake mwili unakumbuka. Ila binamu chupa yake ya chai hataki tena kuiona, mkewe anasema inanuka soksi.