Sebule Yangu Ilianzia Kwenye Albamu ya Bibi

Nilipohamia chumba na sebule Tabata, Dar es Salaam, nilikuwa na godoro, jiko la gesi, na simu iliyojaa picha za nyumba za Ulaya: viti vya mbao vyenye miguu myembamba, taa za shaba, mapazia ya maua makubwa. Nilizipenda kweli. Lakini duka moja la samani lilinitajia bei ya kiti kimoja, ikawa sawa na kodi yangu ya miezi mitatu.

Sikukuu ya Idi nikaenda kwa bibi, Tanga. Jioni akanitolea albamu. Katika picha ya mwaka 1974, iliyopigwa studio, amesimama kando ya kiti cha mbao chenye mikono iliyopinda. Amevaa gauni la maua, kola ndefu, mkanda kiunoni. Babu yuko pembeni na bugaluu lake, suruali pana chini, na viatu vya raizoni vyenye soli nene. Nikauliza kama kiti kilikuwa cha studio.

"Viti hivyo kila nyumba ilikuwa navyo, mjukuu wangu. Mninga huo. Hata hapo uani kipo kimoja, kuku wanakilalia."

Nikatoka na tochi kukitazama. Kilikuwa cha aina ileile!

Bibi alinieleza pia kwa nini gauni lake linashuka chini ya magoti. Operesheni Vijana ya mwaka 1969, ya Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na mama yake hakutaka maneno ya watu. Urefu huo ndio ninaoutafuta mpaka leo. Usiku ule nilipiga picha kumi na moja za albamu kwa simu, nikafuta zile za Ulaya.

Tangu hapo siendi mtumbani bila picha moja mkononi. Soko la Karume asubuhi, balo la mitumba linapofunguliwa, wenye maduka wanachukua nguo za kwanza na bei iko juu. Mimi huenda alasiri, zikishamwagwa chini na vijana wanaita "Chagua, mia tano!" Gauni la mtindo wa zamani huwa limeachwa pale pale, kwa sababu wengi wanataka ya sasa. Nakagua kwapani kwanza, maana hapo ndipo kitambaa huoza, halafu nalinyanyua kwenye mwanga kuona matundu. Zipu ya chuma hunifurahisha, mara nyingi ni dalili kwamba nguo ina umri. Na upindo uwe mpana ili fundi apate pa kuachia. Gauni langu la maua nililipata kwa 2,000, fundi cherehani akatoa sponji za mabegani na kupunguza ubavu kwa 4,000.

Kwenye mbao niliumia mara moja. Nilinunua meza kando ya barabara, imepakwa vanishi inang'aa, na baada ya wiki mbili nikakuta unga laini chini ya miguu yake. Dumuzi, wadudu wanaotoboa mbao. Niliitoa nje haraka kabla hawajahamia kwingine. Siku hizi napindua samani juu chini kabla ya kuuliza bei, natafuta vitundu vidogo na unga mpya.

Kiti cha bibi kilikuja Dar kwenye buti la basi. Nilikisugua kwa msasa siku mbili, wa kukwaruza kwanza kisha laini, nikifuata mistari ya mbao, mpaka wekundu wa mninga ukatokea chini ya ukoko mweusi. Sijawahi kufanya kazi iliyonipa raha kama ile. Nauli ya mzigo, msasa, vanishi na sponji ya kukalia havikufika 35,000. Kitambaa ni kanga ya bibi iliyochakaa. Mji wake, yaani sehemu ya kati, ulishachanika, lakini pindo na maandishi vilikuwa vizima, nikaelekeza maandishi hayo kwenye mgongo wa kiti yasomeke: Mgeni njoo mwenyeji apone.

Mwezi uliopita bibi alikuja. Nilimpokea nimevaa lile gauni. Alipapasa mkono wa kiti kwanza, kimya, ndipo akanivuta karibu na kushika mkanda wangu.

"Umeufunga juu mno," akasema, akaushusha vidole viwili. "Ulikuwa unakaa hapa."