Maneno Niliyoyabeba Hadi Ujiji

Treni ya Kigoma iliingia Tabora saa nne na nusu usiku. Nilikuwa nimekaa stesheni tangu magharibi, miguuni pangu begi, kiroba cha karanga, na ndoo ya asali ambayo mfuniko wake niliufunga nailoni mara tatu kwa kuogopa isimwagikie kanzu. Kanzu ilikuwa ndani ya begi, nimeikunja kama msahafu. Niliishona mwenyewe, na niliishona usiku, baada ya nguo za watu, kwa sababu fundi hasafiri akaacha vitambaa vya watu vimekatwa mezani na pesa zao amekwisha kula.

Mama watoto alitangulia wiki moja kabla, yeye na wifi zake na majirani, na masufuria. Mimi nikabaki na sare za shule.

Nilikuwa nakwenda kumwozesha binti yangu wa kwanza. Kwa kawaida ndoa hufungwa nyumbani kwa bibi harusi, na kwetu ni Tabora. Lakini mama yangu anaishi Ujiji kwa dada yangu tangu miguu ilipomkataa, na safari ya treni haiwezi tena. Binti naye ni nesi huko Kigoma, mwaka wa nne sasa. Tulipokaa wazee, tukaona ni bora sisi tumfuate bibi kuliko kumwoza mjukuu wake bila yeye kumshika kichwa. Tena binti amebeba jina la mama yangu. Ndiyo maana tangu azaliwe sijamwita kwa jina. Namwita Mama.

Mfukoni nilikuwa na karatasi. Shekhe wa mtaani kwetu aliniandikia maneno ya kuozesha ili nisije nikababaika mbele ya watu. Ni mafupi mno. "Nimekuozesha binti yangu," halafu jina lake, halafu mahari. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi wiki nzima nikiwa kwenye cherehani, na kila siku nilikwama neno la kwanza kabisa. Nikisema "nimekuozesha" koo linaziba, nakanyaga pedali kwa nguvu ili kijana wangu wa kazi asinisikie.

Nilipanda daraja la pili kukaa. Jirani yangu alikuwa mama mfanyabiashara wa dagaa, alipeleka mzigo Dodoma, sasa anarudi. Alinisalimia, akaniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia. Akasema, "Hongera baba, na pole." Akajifunika kanga, akalala. Nimezipokea hongera nyingi mwezi huu, ila yeye peke yake aliweka na pole.

Treni ilipochanganya, behewa likaanza kugonga kwenye maungio ya reli. Tata-tata, tata-tata, kisha kimya kidogo kama fundi anapogeuza kitambaa kona, kisha tena tata-tata. Hapo nikakumbuka habari ya mahari.

Mshenga alipoleta barua, nilimpigia simu binti nimuulize anataka nini, maana mahari ni haki yake, si yangu wala ya wajomba zake. Akasema msahafu na cherehani. Nikadhani simu inakatakata.

"Cherehani ya nini, Mama, na wewe ni nesi?"

"Baba, nyumba isiyo na mlio wa cherehani mimi silali vizuri."

Sikujua. Miaka yote ile, kila inapokaribia Idd au kufunguliwa kwa shule, nilishona mpaka usiku wa manane chumba kile kile walichokuwa wamelala watoto, pazia tu katikati. Nilikanyaga taratibu, nasimama, nasikiliza, naona vibaya kwamba nawanyima usingizi. Kumbe yule mmoja alikuwa anaulalia.

Urambo tulipita gizani. Hapo ndipo palipokuwa na makao ya mtemi Mirambo, na mwaka 1871 vita vyake na wafanyabiashara wa Tabora vilifunga njia hii tuliyokuwa tunaipita. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa anamtafuta mmisionari Livingstone, alitoka Kwihara, karibu na Tabora, mwezi Septemba, akalazimika kuzunguka kusini, akafika Ujiji Novemba. Mizigo yake ilibebwa kichwani, na Wanyamwezi walikuwa miongoni mwa wapagazi wake. Mimi nimekaa kwenye kiti, na reli hii ya Mjerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914 inanifikisha kwa usiku mmoja, lakini nawaza umbali. Nilimwambia kila mtu kwamba Kigoma si mbali. Nilisema hivyo mwaka ule binti alipopata kazi, na nilisema hivyo barua ya posa ilipokuja. Usiku ule nikakiri kimoyomoyo kwamba ni mbali. Akiumwa mtoto wake usiku, mimi nitakuwa mtu wa kupigiwa simu.

Nina miaka 54. Miaka kumi iliyopita tundu la sindano lilianza kunikimbia. Mtaalamu wa macho aliniambia lenzi ya jicho hukakamaa mtu akishavuka arobaini, ikashindwa kuviona sawasawa vitu vya karibu. Si ugonjwa, ni umri. Sikununua miwani. Nilikuwa naye. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alinitungia uzi sindano kumi, akazichoma kwenye kipande cha sponji, nyeupe, nyeusi, bluu ya sare, khaki. Alipokwenda chuo cha uuguzi aliniachia ishirini. Nilizitumia kwa uchoyo. Siku nilipomaliza ya ishirini ndipo nilipokwenda kununua miwani.

Kulipopambazuka tulikuwa Uvinza. Watoto walikuwa wanakimbia na treni wakiuza chumvi, ile inayotokana na chemchemi za maji ya chumvi za hapo hapo, na watu wa Uvinza wanaichemsha tangu karne na karne. Nilinunua mifuko miwili. Mama wa dagaa alikuwa ameamka. Nikamuuliza, yeye ana mabinti wangapi. Watatu, wote wameolewa. Nikamuuliza inakuwaje baadaye. Akafikiri kweli, hakunijibu haraka haraka. Akasema, "Unakuwa mgeni wao. Jifunze kuwa mgeni mzuri."

Tulipovuka mto Luiche michikichi ikaanza kuwa mingi, kisha ziwa likatokea lote kwa mara moja. Nimeliona mara chache maishani na kila mara nakaa kimya. Kina chake kinafika mita 1,470. Sijui mtu anaweza kuishi kando ya maji yenye kina hicho na asibadilike.

Bajaji ikanipeleka Ujiji, kilomita chache tu, chini ya miembe. Mama yangu alikuwa kwenye mkeka barazani. Nikapiga goti, nikampa shikamoo, akanishika kidevu kwa muda mrefu kama anayekagua embe. Siku hizi kumbukumbu zake huja na kuondoka. Akaniuliza kelele za masufuria ni za nini. Nikamwambia kuna harusi. Nani anaolewa? Nikataja jina la binti, yaani jina lake yeye mwenyewe. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mimi tena?" akasema. "Basi waambie wakati huu nataka mwanamume mpole."

Jioni ile baba yake bwana harusi alinichukua tukatembee ufukweni. Ni mtu wa ziwani maisha yake yote. Ndoa iliwekwa siku za mbalamwezi makusudi, maana mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika, na ndugu zake wote wanakuwa nchi kavu. Mke wake ni mtu wa Kasulu. Alinisalimia Kiha, akiinama na kupiga makofi taratibu, salamu ndefu iliyouliza hali ya kila aliyenihusu, nami nikabaki kuitikia tu na kushukuru. Moyo wangu ulitulia pale. Watu wanaosalimu hivyo watamwona binti yangu akiwa amechoka.

Baba yake bwana harusi akanisimulia habari za Liemba, ile meli kongwe. Wajerumani waliizindua mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, na mwaka uliofuata, walipoona vita vinawalemea, wakaizamisha kwa mikono yao. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na kufikia 1927 ilikuwa inabeba abiria.

"Walipaka grisi wakijua wanaizamisha?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Wakijua."

Nililala na habari ile ya grisi.

Kesho yake, baada ya Alasiri, kabla shekhe hajaanza, nilikwenda chumbani kumuuliza binti idhini yake. Hiyo ni kazi ya walii, yaani mzazi anayeozesha, na sikutaka kumtuma mtu. Wanawake wakanipisha. Alikuwa amekaa kitandani, mikono na miguu ina hina na piko, mtandio umefika karibu na nyusi. Nilijua atakuwa mzuri. Nilichokuwa sikukijua ni kwamba atafanana na mama yangu wa kwenye picha ya zamani, ile aliyopigwa akiwa msichana pale Tabora.

Kabla sijafungua mdomo akanitazama shingoni. "Baba, kishada cha kanzu kinaning'inia."

Kweli. Niliishona usiku, kwa miwani, na pale shingoni uzi haukukamata. Akaomba sindano kwa shangazi yake. Akailamba ncha ya uzi, akautia tunduni mara moja, hata hakuinua sindano kwenye mwanga. Akasimama karibu yangu, akakishona kishada nikiwa nimeivaa kanzu, akakata uzi kwa meno. Mikono yake ilinukia hina na karafuu. Sikuweza kusema kitu. Nikangoja mpaka sauti irudi.

"Mama, kijana huyu amekuposa, na mahari yako umeitaja mwenyewe. Umeridhia nikuozeshe?"

Wanasema binti akinyamaza, kimya chake ni jibu. Yeye hakunyamaza. Alisema, "Nimeridhia, Baba. Na wewe?"

Hakuna shekhe aliyewahi kuniambia kwamba walii naye anaweza kuulizwa. Nikasema nimeridhia, na nilipolisema ndipo likawa kweli.

Barazani shekhe aliniuliza, "Unaozesha mwenyewe au unanipa uwakala?" Wazazi wengi hutoa uwakala, na hakuna ubaya wowote, wengine ni kwa kutojua maneno, wengine ni kwa kuogopa machozi mbele ya wakwe. Mimi nilikuwa na karatasi yangu mfukoni na sikuitoa. Nikampa kijana mkono wa kulia. Kiganja chake kilikuwa kinatoka jasho, kikanionea huruma nami nikakionea huruma.

"Nimekuozesha," nikasema, na koo halikuziba, kwa sababu neno lililofuata lilikuwa "binti yangu." Tangu Tabora nilikuwa nimeliogopa neno la kwanza, sikuwahi kulisikiliza la pili. Pale pale ninapomtoa ndipo ninapotakiwa niseme mbele ya mashahidi kwamba ni wangu. Nikataja jina lake na langu, msahafu na cherehani. Kijana akasema, "Nimekubali kumuoa." Halua ikapita, kahawa ikapita, vigelegele vikatoka ndani, na sauti ya mama yangu niliitambua katikati ya zote.

Ya usiku ule sitayaeleza sana. Tulikula wali, migebuka ya kukaanga, dagaa waliotiwa mawese. Watu walicheza. Cherehani ilitolewa mbele za watu imefungwa utepe mwekundu, na nilipoona kila mtu anatazama kwingine nikaizungusha gurudumu kidogo, nikaisikiliza. Ilikuwa inahitaji mafuta. Nikaitia.

Tulirudi mimi na mama watoto, wawili tu. Wifi zake wakabaki kumalizia siku za fungate. Mtoto wetu wa mwisho yuko shule ya bweni. Nyumba tunayoirudia ina vyumba vitatu, na hakuna aliyelala ndani. Kwa miaka mingi sisi tulionana kama watu wa zamu: mimi kwenye cherehani, yeye kwa watoto, mazungumzo yetu ada na unga. Siku hizi anaamka usiku kwa joto la mwili, anafungua dirisha, anakaa kitandani peke yake gizani akijipepea. Nilikuwa nikisikia nikiwa upande wa pili wa pazia na sikunyanyuka. Ndani ya treni joto likampanda tena, hapo kati ya Kandaga na Uvinza. Nikakunja gazeti, nikampepea. Akanishangaa, kisha akafumba macho, akaniachia shingo.

Baada ya Nguruka giza liliingia. Nilidhani amelala.

"Baba nanihii," akasema, hajafumbua macho, "tukifika nikupikie nini?"

Tumeoana miaka 28. Siku zote kilipikwa ambacho watoto watakila. Nilitafuta jibu kwa muda mrefu, treni ikapita Usinge, ikasimama Kaliua kwenye njiapanda ya Mpanda, wachuuzi wakapita na vichupa vyao vya asali, ikaondoka tena.

"Nsansa," nikamwambia, ile mboga ya majani yaliyokaushwa. "Ya karanga nzito. Kama ya kwenu, ile niliyokula siku nilipokuja kukuposa."

Akafumbua macho. "Ile ilikuwa na chumvi nyingi."

"Nilijua. Nilimaliza sahani."