Kutoka Sanamu ya Askari hadi Mnazi Mmoja kwa miguu

Wengi humwona yule askari wa shaba wa Barabara ya Samora, Dar es Salaam, kupitia dirisha la daladala tu. Ukitaka kumwona sawasawa, nenda Jumapili kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Kwanza, sanamu iko katikati ya mzunguko, na siku za kazi kuvuka pale ni kazi kweli. Pili, singe ya bunduki yake imeelekezwa bandarini, upande linakochomoza jua, kwa hiyo asubuhi mwanga unampata kwa mbele. Ikifika saa 6 mchana kofia inamtia kivuli na picha zinatoka na uso mweusi tii.

Shukia Posta Mpya, mzunguko uko jirani, Samora inapokutana na Azikiwe. Ukishapiga picha, shusha macho kwenye msingi usome maandishi. Hapo ndipo penye mambo. Sanamu iliwekwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu vya Kwanza. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliing'oa walipouteka mji 1916. Maandishi yanawataja askari na pia wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Sasa tazama juu tena: kasimama askari peke yake. Mpagazi aliyebeba risasi na unga kichwani, na ambaye mara nyingi aliuawa na maradhi na njaa kuliko bunduki, hakupewa nafasi pale juu. Jina lake liko mbele ya safari.

Fuata Samora hadi Mnara wa Saa, kisha shika Mtaa wa Uhuru na uvuke Barabara ya Bibi Titi. Kwa mwendo wa kawaida ni kama dakika 25. Beba maji.

Bustani ya Mnazi Mmoja ndiyo yenye mnara wa mashujaa. Ukikuta geti limefungwa, msalimie mlinzi na umweleze shida yako. Kupenyeza simu kwenye uzio kimyakimya ndiko kunakoleta maswali. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ni habari nyingine. Kwa desturi Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, meya upinde na mishale, mwakilishi wa wazee waliopigana vita huweka shoka, na kiongozi wa mabalozi shada la maua. Lakini usifunge safari kabla ya kuuliza: gwaride la kitaifa siku hizi hufanyika pia Dodoma. Likiwa Dar, barabara za jirani hufungwa, hivyo fika mapema na kwa miguu.

Toka bustanini, vuka Mtaa wa Lumumba. Uko Kariakoo. Jina hili limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikipigisha kambi hapa baada ya kuuteka mji. Weka begi kifuani, simu ndani, na ukisikia "Pisha! Pisha!" nyuma yako usigeuke kushangaa, sogea kando: ni mchukuzi, ana robota kichwani na hawezi kusimama.